Jini wa Nyumba ya Koko

Nilipokuwa mtoto wa kung'oka meno ya mbele, mama yangu alinikataza jambo moja kuliko yote: nisijifunze lugha ya Koko Siti. Hakunikataza kwenda kwake, wala kula muhogo wake, wala kusinzia mkekani pake. Alinikataza maneno yake tu. "Maneno yale yana jini," alikuwa akiniambia huku kanishika sikio. "Mtoto wa mji akiyatia kinywani, siku moja jini atamchukua ulimi aseme mwenyewe." Sasa meno yangu yamening'oka mara ya pili, na safari hii hayaoti tena, nami nakiri kwamba onyo la mama lilitimia. Lilitimia Mutsamudu, mchana kweupe, mbele ya watu.

Koko ndivyo tunavyomwita bibi kwetu Komoro. Koko Siti hakuwa bibi yangu wa damu. Alikuwa Mmakua, aliletwa visiwani akiwa mtoto mdogo kutoka bara ya Msumbiji, katika siku za mwisho za biashara ile ambayo wazee wetu hawapendi kuitaja. Alikaa kibanda cha nyuma ya nyumba yetu, Moroni, na kazi yake ilikuwa kutwanga. Harusi ikiwa Ikoni, ataitwa. Ikiwa Ntsoudjini, ataitwa. Alikuwa mwembamba kama mchi wake, na alipotwanga aliimba, nami nilikaa juu ya kinu kibovu kilichopinduliwa nikiokota punje zilizoruka. Watu husema mtoto hujifunza lugha. Mimi sikujifunza. Iliniingia tu, kama moshi unavyoingia nguoni. Nilipofika miaka tisa tulikuwa tunagombana kwa Kimakua, mimi na yeye, nani kala kipande cha mwenzake.

"Mwizi wewe!"

"Mwizi wewe, una meno yote!"

Tukisikia viatu vya mama, tunageuza Kingazija palepale, sauti za upole, kama watu waliokuwa wakisoma dua.

Mwaka ule, mwezi wa Shaabani ulipokuwa umeandama, ilikuja habari kutoka Mutsamudu kwamba Koko wangu wa damu, mama yake mama, hali chakula. Mama hakuwa amekanyaga Nzuwani, kisiwa cha mji huo alikozaliwa, tangu aolewe. Nilikuwa nimezoea kudhani bahari ndiyo iliyomzuia. Alifunga nguo zetu katika kitambaa kimoja, akampa baba maagizo ya kuku, tukapanda meli ndogo ya mizigo, yeye akitapika na mimi nikila ndizi.

Bandari kubwa mnayoiona leo Mutsamudu haikuwapo. Tulishushwa kwa mashua, na kabla mguu haujagusa nchi kavu pua ilikuwa imeshafika, kwa sababu Wafaransa walikuwa wakipika maua ya langilangi kule milimani na mji wote ulinuka kama bibi harusi. Vichochoro vilikuwa vyembamba, mtu mnene hujibana. Juu ya vichwa vyetu nyumba zilishikana kwa vivuko, vijumba vidogo vilivyojengwa hewani kutoka ghorofa hii hadi ile ya pili, ili wanawake watembeleane bila kushuka njiani.

Nyumba ya Koko ilikuwa na kivuko kimoja, na kivuko hicho ndicho kilichobeba matumaini ya ukoo. Upande wa pili walikaa wakwe watarajiwa. Binamu yangu Sitina alikuwa ameposwa na kijana wa nyumba ile, watu wa nasaba ndefu. Kwetu nyumba hupita kwa wanawake. Koko aliipata kwa mama yake, baada yake angeichukua Mama Mkubwa Zahara, dada wa mama yangu, kisha Sitina. Mama Mkubwa alitupokea mlangoni, uso umepakwa msandali, shiromani nyekundu na nyeupe kajitanda hadi kidevuni.

"Umekuja," akamwambia mama. Hakusema karibu.

"Nimekuja. Yuko vipi?"

"Jini kampanda. Siku ya tano leo. Hataki kushuka."

Kuhusu jini yule kila mtu Mutsamudu alijua. Alikuwa jini wa nyumba, wa miaka mingi. Mara moja au mbili kwa mwaka alimpanda Koko kichwani, akasema kwa ulimi wake usiojulikana, akaondoka. Kila Shaabani aliwekewa wali wa maziwa na asali katika sahani nyeupe chumba cha nyuma. Nadhani hata walimwonea fahari. Nyumba yenye jini wake ni nyumba iliyokaa muda mrefu mahali pake.

Lakini mwaka ule jini alikuja akakaa. Daktari Mfaransa alileta kinini, Koko akaitema. Fundi Bakari, mwalimu wa chuo cha Kurani na mganga wa majini pia, alikuwa ameshafukiza ubani wa kutosha kuwafukuza mbu wa kisiwa kizima.

"Hasikii Kiarabu," Fundi alimweleza mama. Alikuwa mtu mwema, mwenye ndevu za kuhesabika. "Nimemsemesha Kibuki, kwa sababu wengi wao hutoka Bukini, huko Madagaska. Hasikii. Hata Kifaransa nimejaribu."

"Ulimwambia nini kwa Kifaransa?"

"Bonzhuu."

"Akasemaje?"

"Akanipa mgongo."

Mimi nilipewa kipepeo nimpepee Koko. Binamu zangu walifurahi kuniona nikiwekwa kando, maana kila nilipofungua mdomo walicheka Kingazija changu. "Sema tena 'maji'," waliniambia. "Sema tena!" Nikaingia chumbani kwa Koko nikaona heri jini kuliko wao.

Alikuwa amelala ubavu, mdogo kitandani, mkono chini ya shavu. Alikuwa akisema polepole, bila kukoma. Nilipepea mara tatu, nne, kisha kipepeo kikanitoka mkononi.

Nilikuwa ninaelewa.

Yalikuwa maneno ya Koko Siti. Yalikuwa yaleyale ya kinuni kwetu, ila yamesemwa kitoto, kwa sauti nyembamba. Nanyi mnisamehe kwa nilivyofikiri, nilikuwa na miaka tisa. Nilifikiri nimekamatwa. Nilifikiri jini wa Mutsamudu amepata habari kwamba kule Moroni yupo mtoto aliyemwibia lugha, na sasa ananiita nimrudishie, na njia ya kurudisha ni kukatwa ulimi. Nilikiokota kipepeo nikaendelea kupepea, midomo nimeifunga hadi inauma. Siku ile sikula na mimi. Mama alidhani ni huzuni.

Siku ya pili Koko alikuwa amepungua zaidi. Mifupa ya mkono ilionekana kama vijiti vya ushanga vilivyopangwa. Mama alilowesha kitambaa katika maji ya mchele, akamkamulia midomoni, yakatiririka shavuni. Nilimwona mama akigeuka ukutani. Fundi Bakari alikuja na jogoo mweupe aliyefungwa miguu, Mama Mkubwa akaleta kitambaa chekundu, na Sitina chupa ya marashi. Fundi akaketi karibu na mto.

"Ewe mgeni wetu," akasema kwa heshima, "sema unachotaka. Jogoo huyu hapa. Kitambaa hiki hapa."

Koko akajibu maneno yaleyale aliyoyarudia tangu jana.

"Anataka jogoo," akasema Mama Mkubwa.

"Au kitambaa," akasema Fundi.

"Hataki jogoo," nikasema mimi.

Sijui nilisema mara ngapi ndani ya kichwa changu kabla maneno hayajanitoka. Wote waligeuka. Hata jogoo, naapa, alinyamaza.

"Nani kakuuliza?" Mama Mkubwa akaniambia.

"Anasema..." Nilimtazama mama, naye uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Anasema wameitwa wote, mama hajaitwa."

Fundi Bakari alijipiga gotini kwa furaha. "Mama yake jini! Basi ni jambo jepesi. Jini amekuja na mama yake, sisi tumemwekea sahani moja. Leteni sahani ya pili!"

Ikaletwa sahani ya pili, wali na asali, ikawekwa sakafuni kwa ajili ya mama yake jini. Tukangoja. Koko alifumbua macho kidogo, akaiona, akageukia ukuta. Machozi yalimtoka bila sauti, kama ya mtoto aliyechoka kueleza.

Hapo mama yangu akaja nyuma yangu, akaweka mikono mabegani pangu.

"Echa," akaniita kwa jina, "muulize mama yake anaitwa nani."

"Mama, ulisema ulimi wangu..."

"Najua nilichosema. Muulize."

Nikamuuliza, kwa Kimakua, kama nilivyozoea kumuuliza Koko Siti mambo madogo madogo. Na bibi yangu, ambaye siku sita hakuwa amemtazama mtu, aligeuka akanishika kifundo cha mkono. Akanitazama kama tuliolingana umri. "Nawira," akasema. Akaniambia Nawira alikuwa akitwanga uani. Akaniambia walimzika, kisha siku nyingine wakaja watu wengi kumsomea maiti mwingine, majina yakaitwa, mengi, mengi, na yeye akangoja kusikia la mama, halikuitwa. Nilikuwa natafsiri huku naye anasema, sentensi kwa sentensi, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. Ndiyo maana nasema onyo lilitimia.

Nilipomaliza, Fundi Bakari alimfungua jogoo miguu.

"Hii si kazi yangu," akasema taratibu. "Mimi ni fundi wa majini. Huyu ni mtu anamlilia mama yake."

Akatoka. Jogoo alibaki, akazunguka chumbani akila wali wa mama yake jini.

Mama na Mama Mkubwa walibaki wamesimama, kitanda katikati yao. Waligombana kwa kunong'ona, kwa sababu ya kivuko na masikio ya ng'ambo yake, na ugomvi wa kunong'ona unatisha kuliko wa kelele. Mimi walinisahau pale chini.

"Ulijua," Mama Mkubwa alisema.

"Tangu nikiwa kama huyu. Nilimkuta anatwanga peke yake, anaimba. Nikamuuliza, Mama, wimbo gani huo? Akanipiga kofi. Hakuwa amenipiga kabla ya siku hiyo. Kisha akanikumbatia akasema si yeye aliyeimba, ni jini. Na wewe ukaingia, ukasikia neno jini, jioni nyumba nzima ikajua. Jini wetu alizaliwa siku ile, Zahara. Nilikuwapo alipozaliwa."

Ndipo nilipojua, kwa vipande, na vingine nilikuja kuvipata nikiwa mkubwa. Baba yake Koko alikuwa na mke wa nasaba, asiyejaaliwa mtoto, na uani alikuwa na kijakazi wa Kimakua aliyemzalia binti. Kijakazi akafa binti yuko bado mdogo. Mke akamchukua binti akamlea kama wake, kwa mapenzi pia, sitaki kumsingizia. Baba akamwandikia binti nyumba. Mji ukaombwa kusahau, nao ukasahau. Yule mke ndiye aliyesomwa kila hitima kuwa mama wa Koko. Nawira hakusomwa popote.

"Unataka nini?" Mama Mkubwa alinong'ona. "Hitima ni Ijumaa. Nilisome jina la mjakazi mbele ya wakwe? Sitina aolewe na nani? Na nyumba hii tuseme tumeipataje?"

"Mimi nataka mama ale."

"Wewe utarudi Moroni! Mimi ndiye nitakayebaki na macho yao!"

Mama alikaa kitandani akamshika Koko miguu.

Hitima ya Shaabani, kwa asiyeijua, kila nyumba huisomea wafu wake kabla ya Ramadhani. Wanaume hukaa sebuleni, wanawake nyuma ya pazia, na baada ya Kurani msomaji huita majina ya marehemu wa nyumba, mmoja mmoja, fulani bin fulani, fulani binti fulani, dua iwafikie. Majina hutolewa na wenye nyumba. Msomaji hata ajue nini, haongezi la kwake.

Ijumaa ile wakwe walikuja kupitia kivuko, manukato yametangulia. Mama mkwe mtarajiwa alikuwa mwanamke mrefu, kimya, mwenye kutazama vitu vilivyo nyuma ya vitu. Koko tulimbeba na godoro lake tukamlaza karibu na pazia. Hakuwa akisema tena, hata Kimakua. Alipumua tu, na mimi nilimpepea nikihesabu pumzi, nikiogopa kila nafasi baina ya moja na nyingine.

Fundi Bakari ndiye aliyekuwa msomaji. Karatasi aliyopewa aliisoma polepole, polepole mno, hata wazee sebuleni wakaanza kukohoa. Akaita mababu, akaita masharifu wawili, akaita yule mke wa nasaba. Akafika mwisho.

"Wameisha?" akauliza.

Akaligeukia pazia.

"Nauliza wenye nyumba. Wameisha?"

Nilimtazama Mama Mkubwa. Alikuwa amekaa wima, shiromani haina mkunjo, macho kwa Koko. Koko alikuwa amefumbua yake. Sijui aliona nini kwa binti yake, lakini alikuwa akingoja. Alikuwa amengoja hivyohivyo nyuma ya pazia moja au lingine kwa miaka sitini.

Fundi alishaanza kuikunja karatasi. Tuliisikia ikilia.

"Fundi," akasema Mama Mkubwa. Alisema kwa sauti, na mwanamke hakuwa akisikika sebuleni siku ya hitima. "Umebaki mmoja."

"Nani, mwanangu?"

"Nawira. Mama wa mama yetu."

Upande wa wanaume mtu aliweka kikombe chini. Nyuma ya pazia nguo zilisugua sakafu, wanawake wawili wakainuka wakatoka. Fundi akauliza, kwa sababu lazima aulize, ndivyo inavyosomwa:

"Binti nani?"

Mama Mkubwa akamtazama mama, na mama akanitazama mimi. Nikainama nikamuuliza Koko, naye akatikisa kichwa. Hakuwa akijua. Hakuna aliyejua. Jina la baba lilibaki bara, au lilitupwa baharini njiani. Niliona jambo zima linataka kuvunjika pale, kwa kukosa neno moja.

Fundi Bakari hakungoja sana. Ipo njia wanayoijua wenye elimu, kwa maiti asiyejulikana nasaba yake, ya kumrudisha kwa mama wa watu wote. Akainua mikono, akasoma kwa sauti ileile aliyowasomea masharifu:

"Nawira binti Hawa."

Amina zikaitikia. Si zote, lakini ziliitikia. Koko alisema neno moja, halafu akarudia kwa lugha yetu, nasi wote tukasikia. Alisema: "Ameitwa."

Jua halijapinda aliomba uji.

Msidhani mambo yalinyooka siku ileile. Siku tatu kivuko hakikupitwa na mtu. Sitina alilia hadi macho yakawa kama ya samaki, na Mama Mkubwa alifanya kazi zote kwa nguvu mno, akivunja vitu. Siku ya nne asubuhi nilikuwa namlisha Koko, nikasikia nyayo juu ya kichochoro. Yule mama mkwe mrefu aliingia peke yake, akaketi chini, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya kwetu.

"Zahara," akasema, "hebu nikuulize. Hitima ikishasomwa, inafaa mtu kuongeza jina?"

Mama Mkubwa alimsogezea kikombe. "La kwenu?"

"La kwetu."

Walikunywa chai. Sitina aliolewa baada ya Ramadhani, na jamaa wachache hawakuja, na wali wao tuliula sisi.

Koko aliishi miaka mingine, akaona watoto wa Sitina wakitambaa katika kivuko kile. Jini hakumpanda tena. Sahani nyeupe ya chumba cha nyuma iliendelea kuwekwa kila Shaabani, hakuna aliyethubutu kuiacha, ila sasa ilitengwa mezani pamoja na zetu, na mtoto wa kwanza kufika aliila.

Niliporudi Moroni nilikimbilia kinuni kabla ya kuvua viatu. Nilimsimulia Koko Siti yote, kwa Kimakua, kwa sauti ya juu, na mama alikuwa palepale mlangoni akasikia asinishike sikio. Koko Siti aliweka mchi chini. Alipangusa uso kwa kanga, akaniuliza:

"Na mimi nani atanisoma?"

"Mimi."

"Utasema binti nani?"

Hata yeye hakuwa akijua.

Watu huniuliza kama naamini majini. Naamini, yametajwa katika Kurani, mimi ni nani niyakatae. Lakini nimeishi Unguja nilikoolewa, nimerudi, nimeingia nyumba nyingi, na kila nikionyeshwa chumba ambacho watoto hawaruhusiwi kuingia, au wimbo usioimbwa, moyo wangu hauulizi jini gani yumo. Huuliza nani hajaitwa. Mama yangu hakunidanganya aliposema maneno yale yana kitu ndani. Aliogopa kwa sababu alipigwa kofi, na aliyempiga aliogopa kwa sababu alikuwa mtoto nyuma ya pazia. Woga ule ulitembea kwa wanawake wawili kama nyumba inavyopita kwetu, ukanifikia mimi, ukakuta Koko Siti ameshanijaza masikio.

Shaabani imeandama tena. Mjukuu wangu, ambaye ndiye anayeandika haya kwa sababu mimi kalamu hainitii, ameketi nami akipanga majina ya hitima. Ameandika Koko, ameandika mama, ameandika Mama Mkubwa Zahara. Ameandika Nawira bila kuuliza, amezoea. Amefika kwa Siti akainua kichwa.

"Koko, huyu binti nani?"

Nimemwambia aandike binti Hawa. Na langu likifika siku yake, ingawa baba yangu anajulikana na babu zake wanajulikana, nimemwomba anisome hivyohivyo, nikae nao pamoja.